Mwombe mtu mmoja akulee kiroho

Kama umeokoka lakini unaomba peke yako, unaanguka peke yako na kuinuka peke yako, tafuta mlezi wa kiroho. Usingoje ajitokeze. Waumini wengi waliokomaa hunyamaza wakiogopa kuonekana wanajipa ukubwa, kwa hiyo mwendee wewe, ukiwa na ombi dogo linaloeleweka: mkutane mara mbili kwa mwezi, msome Waraka wa Yakobo na kuombeana, kwa miezi mitatu. Ni rahisi kulikubali kuliko "naomba unilee", na muda ukiisha kila mmoja yuko huru.

Mchague kwa jinsi anavyoishi nyumbani na anavyopokea kukosolewa, si kwa ufasaha wake madhabahuni. Ni salama zaidi awe wa jinsia yako. Na mlezi anayetaka umtii yeye kuliko Neno, au anayekukataza kushauriana na wengine, mwache mapema. Nalisema hili kwa uzito, maana watu huumia sana hapo.

Mkikutana, usipeleke ushuhuda wa ushindi tu. Peleka lile swali unaloona haya kuliuliza mbele ya kundi. Hata Apolo, mhubiri wa kanisa la kwanza, alikuwa hodari wa Maandiko, lakini alijua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu. Katika Matendo ya Mitume 18, Priskila na mumewe Akila hawakumsahihisha hadharani; walimkaribisha kwao, wakamfafanulia kwa usahihi zaidi yale yaliyopungua. Baadaye Apolo alivuka kwenda Akaya, huko Ugiriki, akawa msaada mkubwa kwa waumini wa huko.