Chonga jino kwa mkono, usilikariri tu
Kwa mwanafunzi anayeanza shahada ya ufundi sanifu wa meno, yaani fani ya kutengeneza meno bandia, ningeshauri kwa dhati asiridhike na kukariri picha za meno 32 ya mtu mzima, bali kila juma achonge jino moja kwa sabuni ya mche, kisha kwa nta, akilikuza mara tatu ya ukubwa halisi ili vilima na mabonde ya uso wa kutafunia vionekane wazi. Aanze na gego la kwanza la juu, lenye vilima vinne vikubwa na mizizi mitatu, halafu la chini, lenye vilima vitano na mizizi miwili. Asiharakishe vilima, kwa kuwa katika taji la jino, yaani kofia bandia inayofunika jino, kilima kilichozidi urefu hata kidogo humzuia mgonjwa kuuma sawasawa.