Zahanati mpya: panga sehemu za kunawa mikono kabla ya lipu

Mimi ni muuguzi. Zahanati niliyoanzia kazi ilikuwa na sinki moja tu, kule mwisho wa korido. Ukishafunga kidonda, mgonjwa wa pili yuko mlangoni. Sinki liko mbali, na mikono inabaki vilevile. Iliniuma, kwa sababu wagonjwa walituamini.

1. Tembea na ramani. Fundi bomba asichimbe ukuta bado. Ingia kila chumba na uigize kazi: pima presha, choma sindano, toa damu. Tia alama pale mikono inapotakiwa kusafishwa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vyake. Ndizo nyakati tano za WHO.

2. Kitakasa mikono. Alama nyingi zitatoshelezwa na kitakasa chenye alkoholi, kikae pale mkono unapofika bila kupiga hatua. Usikitundike juu ya soketi, kinashika moto. Mikono yenye damu au uchafu unaoonekana inataka sabuni na maji, na ukitoka chooni ni hivyo hivyo.

3. Sinki. Weka moja kila chumba cha kuhudumia wagonjwa, maabara, na lingine lisizidi mita 5 kutoka chooni. Hapa usibane pesa. Chagua koki ya kufungua kwa kiwiko, na maji yasidondokee moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji machafu, maana yatarusha vijidudu hadi kwenye nguo zako. Ukuta wa nyuma uwe na vigae. Vifaa vioshewe kwingine. Sinki la mikono ni la mikono.

4. Siku ya mgao wa maji. Simtanki kwanza. Halafu kila chumba kiwe na ndoo yenye koki na nyingine ya kupokelea maji machafu. Beseni la kuchovya mikono kwa zamu, kataa kabisa.

5. Sabuni na kukausha. Usiongezee sabuni kwenye chupa isiyoisha. Ioshe, ikauke, ndipo ujaze. Taulo za karatasi zikiwa ghali, kata vitambaa vidogo, kila kimoja kitumike mara moja kisha kifuliwe.

6. Jaribu kabla ya kufungua. Mwenzako ahudumie "mgonjwa" mwanzo hadi mwisho, nawe ushike saa: kunawa sekunde 40 hadi 60, kitakasa 20 hadi 30. Akiruka kusafisha mikono hata mara moja, muulize kilichomzuia, kisha sogeza chupa ya kitakasa siku hiyohiyo.