Daraja la miti la kuvukia kijito: anzia kwenye ncha

Wengi wanaotaka kujenga daraja la miti la kwenda ng'ambo ya shamba wanaanza na swali la mti gani ni mgumu, mi huwa nawarudisha nyuma kidogo, maana madaraja mengi ya hivi hayafi katikati pale unapokanyaga, yanafia kwenye ncha pale boriti inapolala kwenye udongo. Udongo unashika unyevu muda wote na hewa ipo, fangasi wanaokula mbao hawataki zaidi ya hapo, alafu mchwa nao wanapandia hapohapo. Juu unaona mbao nzima kabisa, kumbe chini imeshakuwa unga.

Kwahiyo kingo kwanza. Tafuta sehemu ambayo kijito kimenyooka na ni chembamba, usijenge kwenye kona, pale maji yanamega ukingo wa nje kila mvua kubwa. Angalia takataka zilizonasa kwenye vichaka, hapo ndo mafuriko yalifika, na sakafu ya daraja ikae angalau sentimita 60 juu ya hiyo alama, sio juu ya maji unayoyaona leo kiangazi. Alafu usichimbe ukingo kabla ya kuongea na jirani wa upande wa pili na wanaosimamia mambo ya maji eneo lako.

Rudi nyuma kama mita moja kutoka ukingoni kila upande, chimba mpaka ardhi ngumu, panga mawe makubwa bapa au mwaga zege, boriti ikae juu ya jiwe. Ncha isifukiwe! Acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake hewa ipite. Na urefu unapima jiwe kwa jiwe, sio upana wa maji, hapa watu wanakosea sana wanakata boriti fupi.

Sasa boriti zenyewe. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ukiilaza bapa itayumba kama kamba, isimamishe kwa ubavu, mbao ileile inabeba mara 3 zaidi na ugumu wa kutopinda unapanda mara 9. Kwa kukadiria tu, chukua urefu gawa kwa 20, mita 4 inataka kimo cha sentimita 20, weka boriti 3 na uzikaze na vipande vya mbao katikati zisilale upande. Kama ni magogo toa gome lote, wadudu wanajificha humo na maji yanakaa, na geuza moja shina huku jingine shina kule sakafu isiinamie upande mmoja. Hesabu hii ni ya mtu na mzigo wake au toroli, ng'ombe mzima ana kilo 300 mpaka 500 na hatembei peke yake, kwahiyo weka nguzo mbili mlangoni zimbane apite majini. Ukitaka mifugo ivuke juu, au urefu unazidi mita 6, tafuta fundi anayejua hesabu za mzigo.

Mbao za juu ziachie nafasi ya sentimita 1 hivi maji yadondoke. Toboa kwanza kabla ya kupiga msumari karibu na ncha isipasuke, na misumari iwe ya zinki. Mbao ikilowa inateleza vibaya, pigilia wavu wa kuku juu yake, ni kitu rahisi na kinafanya kazi. Oili chafu ya gari achana nayo kabisa hapa, inateleza na inaishia kwenye maji mnayonywesha mifugo. Kishikio kimo cha mita 1, pande zote mbili kama watoto wanapita.

Funga ncha moja kwa waya mnene kwenye mti imara au nguzo upande wa juu wa mkondo, ncha nyingine iache huru. Mafuriko yakizidi daraja linazunguka na kulala ukingoni badala ya kwenda na maji, unalivuta tu na kulirudisha.

Kila msimu wa mvua ukiisha chukua bisibisi, ingia chini, choma boriti pale zinapokaa kwenye mawe. Ikigoma sawa. Ikizama zaidi ya sentimita moja funga njia siku hiyohiyo, hata kama juu panaonekana pazima.