Mambo ya kuandaa kabla ya kujifungua, na la damu lisisubiri leba

Mimba ikishaonekana, kila mtu anakuuliza umenunua nini. Beseni umepata? Nguo za mtoto je? Nunua, hakuna anayekukataza. Lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya wodi za wazazi, na wale niliowaona wakihangaika hawakuhangaishwa na beseni. Basi nisikilize mdogo wangu, na mumeo naye asome.

Kliniki anza mapema, kabla ya wiki 12 ukiweza. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonane na mhudumu mara 8, kwa hiyo anayekwambia mara 4 zinatosha anakupa hesabu ya zamani. Vidonge vya kuongeza damu meza kila siku. Vikikusumbua tumbo, meza usiku baada ya chakula, na choo kikiwa cheusi usishtuke. Usivishushie na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. SP za kukinga malaria meza pale pale kliniki, na chandarua ulalie, usifugie kuku. Kila wanapokupima wingi wa damu uliza namba: chini ya 11 una upungufu, na mwenye upungufu huelemewa na damu kidogo tu ambayo mwenzake angeistahimili.

Mahali pa kujifungulia paamuliwe miezi kabla. Zahanati ya karibu inamfaa mama asiye na tatizo. Kama umewahi kupasuliwa, una mapacha, mtoto amekaa vibaya, una presha, hii ni mimba ya tano au zaidi, au uliwahi kutokwa damu nyingi uzazi uliopita, wewe ni wa hospitali yenye chumba cha upasuaji, na usibishane na nesi anayekuandikia rufaa. Unakaa mbali? Sogea mapema, kaa kwa ndugu au kwenye nyumba ya wajawazito kusubiri kujifungua, zile wengine huziita chigonela. Mvua za masika hazimsubiri mtu, na daraja likikatika limekatika.

Usafiri: kwa Tanzania shika namba 115, ni bure, ndiyo ya mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mama mwenye dharura. Juu yake uwe na namba za madereva wawili wa mtaani waliokubali kuamshwa usiku. Bodaboda si chombo cha mama anayetoka damu.

Mfuko uwe tayari mwezi wa nane. Glovu, pamba, nyembe mpya, kibana kitovu, mpira wa kutandika, pedi kubwa, kanga au vitenge safi kadhaa, nguo na kofia ya mtoto, sabuni, kadi ya kliniki, chaja. Kila kituo kina orodha yake, kaulize cha kwako. Huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, ila dawa au vifaa vikiisha utaambiwa ununue nje, kwa hiyo pesa kidogo ya akiba isiguswe na yeyote.

Sasa damu. Hapa nitakaa.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijifungua mtoto wa tatu mchana kweupe, hospitalini, mikononi mwa wakunga. Uzazi ulikuwa mwepesi. Mtoto alilia tukamsikia nje, simu za hongera zikaanza, mama mkwe wake akaenda kutafuta uji. Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta amelala, amefunikwa, anatabasamu kwa mbali. Akaniambia, "Wifi, nasikia baridi." Akaomba maji. Akaomba tena. Nikaona midomo imekuwa myeupe.

Chini yake alikuwa ametandikiwa kanga yake mwenyewe, rangi ya damu ya mzee. Kwa rangi ile huoni kitu. Nilipoivuta ili nimrekebishe, mkono ulihisi uzito, kanga ilikuwa imelowa hadi pindo, na juu ya mpira wa godoro damu ilikuwa imetuama na mabonge yake. Nilipiga kelele. Wauguzi walikuja mbio na walifanya kazi yao: mmoja alisugua tumbo, mwingine akatundika dripu, wa tatu akachoma sindano. Kizazi kilikuwa kimelegea, hakikujikaza kama inavyotakiwa baada ya kondo kutoka.

Daktari akauliza, "Kundi lake la damu?" Kimya. Tukafungua kadi ya kliniki. Nafasi ya kundi la damu ilikuwa tupu. Siku aliyokwenda kupima aliambiwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimeisha, arudi, na mambo ya nyumbani yakaingilia. Maabara wakachukua sampuli, wakapata kundi, na benki ya damu ikawa na chupa moja tu inayomfaa.

Tulikuwa watu wengi kwenye benchi, na wote tulikunja mikono ya nguo. Shemeji mmoja alikuwa ameanza kunywa bia tangu saa saba kusherehekea, akakataliwa. Mdogo wa kiume wa wifi alikuwa katikati ya dozi ya malaria, akakataliwa. Dada yake ananyonyesha. Mama mkwe umri umepita, na alilia akiwaambia, "Chukueni yangu yote." Mimi uzito haukutosha. Wakabaki vijana wawili, wakatoa, tukashusha pumzi tukidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Damu haitoki mkononi mwa shemeji ikaingia mkononi mwa mgonjwa. Inapimwa kwanza virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha inalinganishwa na ya mgonjwa kuona kama zinapatana. Yule wa maabara alikuwa akifuata utaratibu unaomlinda mgonjwa, na utaratibu huo unataka saa kadhaa. Gari likatumwa kufuata damu hospitali nyingine. Kabla halijarudi, madaktari walikuwa wameshamwingiza chumba cha upasuaji na kuondoa kizazi ili mama abaki. Alibaki, tunamshukuru Mungu. Alikuwa na miaka 26, na yeye na kaka walikuwa wakisema watapata mmoja zaidi.

Elewa kwa nini mambo huenda kasi vile. Mimba ikitimia, kizazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo likishatoka, kinachofunga ile mishipa ni msuli wa kizazi kujikaza. Usipojikaza, au kipande cha kondo kikibaki ndani, au njia ikichanika, mama anaisha mbele ya macho ya watu. Damu ikifika nusu lita ndani ya saa 24 baada ya kuzaa, hiyo tayari ni hatari, na kwa macho matupu watu hukadiria kidogo kuliko ilivyo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini: mama aliwekewa chini yake karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, na damu ikifika kwenye alama alipewa matibabu yote kwa mkupuo badala ya moja moja. Waliotokwa damu zaidi ya lita, waliohitaji kupasuliwa kwa sababu yake au waliokufa kwayo walipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari! Uliza kama hospitali yako inaitumia.

Kwa hiyo fanya hivi. Kundi la damu lijulikane na liandikwe kwenye kadi kabla ya mwezi wa saba. Ukiambiwa vitendanishi hakuna, nenda kituo kingine, usirudi nyumbani ukasahau. Ukiwa hasi, yaani A, B, AB au O yenye alama ya kutoa, mwambie daktari siku hiyo hiyo: damu yako ni adimu huku kwetu, na mtoto akizaliwa chanya unahitaji sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zijazo, ndani ya saa 72, ambayo si kila duka la dawa linayo. Itafutwe mapema.

Kisha kusanya ndugu, wachangie damu wiki chache kabla ya tarehe yako. Mwenye miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 na kuendelea, mzima wa afya, aliyekula na asiyekunywa pombe. Damu hiyo haiwekewi jina lako, inaingia benki, na nyekundu hukaa siku 35 kwenye jokofu, lakini benki yenye chupa ndiyo itakayokuhudumia wewe na mwenzako wa kitanda cha pili. Muulize mhusika wa damu hospitalini mnapotaka kujifungulia utaratibu wao ukoje. Na wawepo wengine ambao hawajachangia, wakae bila pombe mpaka mama atoke hospitali. Sherehe zina siku zake. Damu haiuzwi, mtu akikuomba hela ya chupa, nenda kwa mganga mkuu.

Kanga ya kulalia baada ya kuzaa iwe nyeupe au ya rangi nyepesi. Maua meusi na damu ya mzee vaa arobaini. Ndugu mmoja mwenye macho akae karibu saa mbili za kwanza kama wodi inaruhusu, atazame kinachotoka, ahesabu pedi, na mkunga akishapapasa tumbo amwonyeshe kizazi kilivyo: chini ya kitovu kinatakiwa kiwe kigumu kama nazi. Kikilegea, ita mtu. Baridi, kiu isiyokatika, kizunguzungu, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, ita mtu. Usione haya kwa sababu nesi amechoka.

Na mjadiliane mapema nani anaamua. Nimeona upasuaji ukingoja simu ya mume aliyeko safarini. Mama mwenye akili timamu anasaini ridhaa yake mwenyewe, mume ajue hivyo na akubali tangu mapema, na mama mkwe naye aambiwe kwa heshima yake.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu acha kabisa. Hakuna anayejua kipimo chake, na kizazi kinaweza kupasuka, hasa ukiwa umewahi kufanyiwa upasuaji. Najua bibi anakupenda na anakuletea kwa nia njema. Pokea, shukuru, weka pembeni.

Uzazi wa mpango uzungumzwe kabla mtoto hajazaliwa, si mwezi wa sita ukiwa umeshabeba mwingine. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, vijiti pia kabla hujatoka hospitali hata kama unanyonyesha. Vidonge vyenye homoni mbili vinangoja miezi sita kwa anayenyonyesha. Mwili upewe angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Na ujue kwamba mimba inaweza kuingia kabla hujaona siku zako.

Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi Tanzania vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na 104 kwenye ule wa 2022. Ni hatua kubwa. Lakini hao 104 wana majina, na wengi wao waliaga kwa mambo yanayozuilika.

Mengine mtaongezea wenyewe kulingana na mahali mlipo. Kichwa kikiuma sana na macho yakaona maruweruwe, usinywe panadoli ukalala, hiyo yaweza kuwa kifafa cha mimba kinapiga hodi. Mtoto akipunguza kucheza, nenda. Chupa ikipasuka kabla ya uchungu, nenda. Ukitoka damu yoyote kabla ya wakati, hata bila maumivu, nenda. Ukishajifungua rudi kliniki ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, wala usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Homa, harufu mbaya ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kulia bila sababu na kumchukia mtoto, yote hayo yana matibabu. Damu iliyokwisha kupungua ikirudi kwa wingi wiki ya pili, usisubiri kukuche. Simu iwe na chaji na salio, namba ya dereva iwe juu kabisa.