Kona ya maua pori nyuma ya nyumba

Kama una kipande cha hata mita mbili kwa mbili nyuma ya nyumba, usikimwagie samadi. Maua pori hupenda udongo uliochoka kidogo. Ukiurutubisha, nyasi zitashinda. Ng'oa majani na mizizi yake, kwatua juu juu tu, kisha subiri mvua za kwanza.

Mbegu huna haja ya kununua. Kusanya zilizokauka za kivumbasi, mgagani na marejea kandokando ya njia. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja, zirushe, halafu zikanyage kwa miguu. Usizifukie, mbegu ndogo hivyo hazina nguvu ya kuchomoza kutoka chini. Marejea hayasumbuliwi na udongo dhaifu, maana hujipatia naitrojeni, kirutubisho cha mimea, kupitia vinundu vya mizizi yake. Mgagani utauchuma mboga. Na kivumbasi kikichanua, utawasikia nyuki kabla hujawaona, raha yake haielezeki!

Gugu karoti likijitokeza, lile lenye majani kama ya karoti, ling'oe kabla halijachanua, na uvae glavu kwa sababu linawasha ngozi. Maua yenyewe usiyafyeke hadi mbegu zikauke na kudondoka zenyewe.