Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujampa Fundi Laptopu Yako Apige Windows Upya

Laptopu ikizingua hapa Dar es Salaam, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ule ule: ipigwe Windows upya, yaani ifutwe na kuwekwa tena. Sauti imekata, piga Windows. Waifai haionekani, piga Windows. Betri haichaji, piga Windows. Mara nyingine ndiyo dawa. Mara nyingi siyo, na unayoyapoteza hayarudi. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala ya Kariakoo na mashine mgongoni, tenga jioni moja ukae nayo mezani na ufanye haya mwenyewe. Usimwachie fundi. Fundi analipwa mashine iwake, halipwi kulinda vilivyomo.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Hili unalijua, lifanye tu. Ila kama diski ya ndani ya laptopu ni ile ya kuzunguka na imeanza kugonga ndani, usianze kuipima wala kuikarabati. Toa kwanza vitu muhimu, maana kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho.

Kisha jua kama tatizo ni la kifaa au la programu. Zima, washa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayotangulia Windows: kwa Dell nyingi ni F2, kwa HP ni F10. Kama kibodi inagoma hata humo, Windows haina kosa lolote na kuipiga upya ni kutupa hela. Dell ukibonyeza F12 wakati inawaka utakuta vipimo vya kiwandani, HP ni F2. Vipimo hivyo vinaangalia RAM, diski, feni na betri bila kuhitaji Windows. Kioo kikiwa cheusi, chomeka waya wa HDMI kwenye TV. Picha ikitokea huko, shida iko kwenye kioo au waya wake, siyo kwenye mashine nzima. Na kama una flashi yenye Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), washa mashine kupitia flashi hiyo bila kuiweka kwenye diski. Sauti ikilia kwenye Ubuntu, spika ni nzima na unayemtafuta ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa.

Chaja nayo inadanganya watu wengi. Chaja za Dell za pini ya katikati hujitambulisha kwa mashine, na mashine isipoitambua chaja inakuonya wakati wa kuwaka, inakataa kuchaji betri, na prosesa inashushwa mwendo. Mtu anaona laptopu nzito, anadhani ni virusi. Azima chaja halisi ya jirani ujaribu kwanza. Betri yenyewe ipime kwa amri ya powercfg /batteryreport. Itakupa ripoti yenye uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo iliobaki nao leo. Ukiona padi ya kugusia imeinuka au kibodi imetuna katikati, hapo usisubiri ripoti. Zima, usiichaji tena, ikatolewe.

Tuje kwenye draiva zenyewe. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows, chagua Device Manager. Penye alama ya njano ya mshangao bofya mara mbili usome namba. 28 maana yake draiva haijawekwa. 10, kifaa kimeshindwa kuanza. 43, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Hapo anza kushuku kifaa, hasa kama draiva mpya haikusaidia. Kama tatizo limeanza baada ya sasisho, kwenye dirisha hilo hilo kuna Roll Back Driver, jaribu hiyo kwanza. Kifaa kisichotambulika kabisa kina utambulisho wake ndani ya Hardware Ids: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Andika yote kwenye karatasi. Ukifika kwa fundi ukamwambia "kifaa cha sauti kinaleta 28", mazungumzo yanabadilika, na bei pia.

Draiva chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba iliyobandikwa chini ya mashine. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Na kabla Windows haijafutwa, toa nakala ya draiva ulizonazo sasa, kwa sababu zinafanya kazi. Tengeneza folda kwenye flashi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika pnputil /export-driver * E:\draiva, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako. Inachukua dakika chache, na itakuokoa na lile gumu la laptopu za siku hizi: Windows mpya imeingia, draiva ya waifai haipo, tundu la waya wa mtandao halipo, na bila intaneti huwezi kupakua hiyo draiva ya waifai. Ukishanaswa hapo, chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows kwa kawaida inaitambua bila draiva ya ziada. Angalia bando lako tu, maana Windows ikishaonja intaneti inaanza kupakua masasisho yake yote.

Lingine la haraka: kwenye mashine nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, wakati wa kupiga Windows orodha ya diski inatokea tupu. Diski haijafa. Kuna mpangilio wa Intel wa kusimamia diski, unaitwa VMD, umewashwa, na flashi ya Windows haina draiva yake. Inatakiwa draiva ya Intel RST iwekwe kwenye flashi na ichaguliwe pale pale. Ukiambiwa "diski imekufa, tununue nyingine" na jana ilikuwa inafungua mafaili vizuri, simama kwanza. Wala fundi asibadilishe mpangilio huo kwenye BIOS kama bado unataka Windows ya zamani iwake, kwa sababu inaweza kukataa.

Sasa lile lililonifanya niandike yote haya: ufunguo wa BitLocker, ule mfumo wa Windows wa kufunga diski. Hapa soma polepole.

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinafunga diski yake kwa usimbaji bila kukuuliza. Unaiwasha mara ya kwanza, unaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa, na ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, jambo hili linafanyika kwenye mashine nyingi zaidi, hata zenye Windows Home. Siku za kawaida huoni chochote, kwa sababu chipu ya TPM iliyo ndani inaifungua diski yenyewe kila unapowasha. Siku mambo yakibadilika, BIOS ikasasishwa, Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaokagua kinachowashwa) ikazimwa au ubao mama ukabadilishwa, inaweza kugoma na kudai zile tarakimu.

Shemeji yangu wa Tabata anatunza hesabu za wenye maduka. Laptopu yake ilikata sauti. Sauti tu, vingine vyote vizima. Akaipeleka kwa fundi mjini, kijana mwenye adabu, ambaye aliona BIOS ni ya zamani akaisasisha. Mashine ilipojiwasha ikaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi: kumbukumbu za fTPM (TPM iliyomo ndani ya prosesa) zimebadilika, bonyeza Y kuzifuta au N kuzibakiza, na ukibonyeza Y huku diski imefungwa, mashine haitawaka bila ufunguo. Yote yameandikwa pale, kwa Kiingereza, mistari michache. Fundi akabonyeza Y. Kikaja kioo cha bluu.

"Dada, weka nywila yako."

"Ipi?"

Akajaribu ya Windows, akajaribu ya barua pepe, hata namba ya siri ya simu. Aliponipigia nikamwambia afungue ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey kwa simu, aingie kwa akaunti yake. Hakukuwa na ufunguo wowote. Nikamwomba anipigie picha kile kioo. Palikuwa na kidokezo cha akaunti yenye ufunguo: herufi za mwanzo za barua pepe, zilizobaki zimefichwa. Herufi hazikuwa zake. Hazikuwa za mume wake wala za mtu yeyote pale nyumbani.

Zilikuwa za muuzaji. Siku ya kununua, Windows ilidai intaneti na akaunti kabla ya kuendelea, na kijana wa dukani, kwa nia njema kabisa, akaingiza barua pepe yake ili mteja aone mashine inawaka. Baadaye shemeji akajitengenezea jina lake la kuingilia na lile la kijana likafutwa. Jina lilifutwa, ufunguo ukabaki kwa mwenyewe. Tulimtafuta. Namba ya kwenye risiti haipatikani, na kwenye ile fremu sasa wanauza mabegi ya shule.

Tarehe 20 ilikuwa inakaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha TRA ritani za VAT za mwezi uliotangulia. Akazunguka upya kwa wateja wake kuomba risiti za EFD. Wengine walishazitupa, wakijua ameziingiza tayari. Zilizopatikana, baadhi zilikuwa zimebaki karatasi nyeupe, kwa sababu maandishi ya karatasi zile hufifia kwa joto, na joto la Dar unalijua. Nilimkuta ameinua risiti moja dirishani, anaigeuzageuza ili mwanga uipige kwa pembeni asome tarakimu. Nilikasirika sana siku ile, na sikumkasirikia yule fundi peke yake. Nilikasirika kwamba mtu anaweza kununua mashine kwa hela yake halali, akaitumia kila siku, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwambia kwamba ina ufunguo.

Mwishoni diski ilifutwa, Windows ikapigwa, draiva ya sauti ikachukuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, sauti ikarudi. Kazi hiyo ingefanyika nyumbani bila kugusa BIOS kabisa.

Kwa hiyo leo, siyo kesho, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike manage-bde -status C: uone kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, andika manage-bde -protectors -get C: na ile namba ndefu yenye makundi 8 ya tarakimu sita sita ndiyo ufunguo wako. Iandike kwenye karatasi kwa mkono, uisome mara ya pili, uiweke pamoja na vyeti vya familia. Weka nyingine kwenye simu ya mtu unayemwamini. Usiihifadhi ndani ya laptopu hiyo hiyo. Kabla fundi hajagusa BIOS, sitisha ulinzi kwa manage-bde -protectors -disable C: kisha uurudishe kazi ikiisha. Kama tayari umefikia kile kioo cha bluu na fundi alichofanya ni kuzima Secure Boot tu, mwambie airudishe kama ilivyokuwa. Mara nyingi mashine inafunguka yenyewe. Kama TPM imefutwa, hiyo njia haipo tena. Na akitokea mtu anayesema ana programu ya kuvunja ufunguo huo, lete hela, usitoe hata shilingi.

Usidhani ni shida ya watu wa Tabata peke yao. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ambayo draiva yake inakaa ndani kabisa ya Windows, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft. Ndege zilikwama, hospitali zilikwama. Kuzifufua, mafundi wengi ilibidi wakae mbele ya mashine moja moja, na zile zilizofungwa kwa BitLocker zilidai tarakimu zake 48. Kampuni zilizokuwa na orodha ya funguo kwenye seva iliyoanguka nayo zilipata tabu kubwa zaidi.

Mengine ni ya kawaida lakini usiyapuuze. BIOS isisasishwe bila betri iliyojaa na chaja ndani, maana umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo fundi akikuwekea hiyo muulize kwa nini. Kama mashine ni ya mtumba na prosesa ya Intel iko chini ya kizazi cha 8, Windows 11 kwa kawaida haiitambui rasmi, na fundi akiilazimisha akuambie wazi. Ukinunua laptopu, akaunti ya kwanza iwe yako, simama pale dukani uiandike mwenyewe. Piga picha ya RAM na diski kabla hazijafunguliwa, omba kifaa cha zamani ukabidhiwe, usitaje nywila ya barua pepe kwa mtu yeyote. Jaribu kamera, waifai, spika na matundu yote ya USB kabla hujamaliza kulipa. Masika ikianza, begi liwe lisilopitisha maji, na mashine ikilowa usiiwashe kuona kama ni nzima: chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime, usiizike kwenye mchele, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa siku hiyo hiyo.