Kutengeneza kihisi cha potasiamu kwa transista bila utando kugeuka maziwa

Juzi nilikaa siku tatu na mwanafunzi wa mwaka wa nne tukihangaika na kihisi chake. Transista nzima, hesabu sawa. Kilichomkwamisha ni unyevu wa Dar es Salaam.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1970 Piet Bergveld wa Uholanzi aliondoa chuma cha geti (sehemu ya transista inayoongoza mkondo), mmumunyo ukagusa oksidi iliyo chini yake moja kwa moja. Mwaka 1975 Moss, Janata na Johnson wakaongeza utando wa plastiki ya PVC wenye valinomisini, molekuli inayoikumbatia potasiamu na kuipuuza sodiamu. Ila mimi sitaki kuloweka chipu: maji hupenya kwenye gundi na mwanga huyumbisha usomaji. Nalirefusha geti kwa waya, transista ibaki kavu.

1. Elektrodi. Chukua risasi ya penseli ya milimita 2, ichomeke kwenye ganda la waya wa umeme linalobana, uache shimo la kina cha milimita 1 mbele. Ganda hilo ni PVC, kwa hiyo utando utashikana nalo. Usizibe kwa rangi ya kucha, THF (kiyeyushi cha utando) huiyeyusha. Nilijaribu, nikapata uji wa waridi.

2. Mchanganyiko. PVC miligramu 66, DOS (kilainishi) 130, valinomisini 2, KTpClPB (chumvi inayozuia ioni hasi kuingia kwenye utando) 0.5, vyote ndani ya mililita 2 za THF. Mizani ya kawaida haipimi 0.5, kwa hiyo yeyusha miligramu 5 za KTpClPB katika mililita 5 za THF, kisha chota nusu mililita na uongeze THF mililita 1.5. Valinomisini ni sumu, vaa glavu. THF inashika moto haraka, na chupa iliyokaa wazi miezi mingi hujenga peroksidi zinazolipuka. Hiyo usiiguse.

3. Kudondosha. Hapa ndipo siku tatu zilipoishia. THF ikiruka huondoka na joto, uso wa tone unapoa, na umande unatua juu yake kama chupa ya soda iliyotoka jokofuni. Maji yakiingia, PVC inajitenga na utando unakuwa mweupe. Ukiuona mweupe, ukwangue uanze upya, usijidanganye kwamba utakauka vizuri. Wa kwetu ulitoa milivolti 20 tu kwa kila mara kumi ya ukolezi, halafu ukabanduka.

Dawa ni kuchelewesha ukaukaji. Weka jeli ya silika (chembe zinazofyonza unyevu) iliyokaangwa hadi ikauke kwenye sahani, simamisha elektrodi katikati, dondosha tone moja, funika kwa bika. Feni izimwe. Subiri dakika 30, tone la pili, na la tatu vivyo hivyo, kisha acha saa 24. Utando mzuri unaona risasi nyeusi chini yake. Chumba chenye kiyoyozi ni bora, ila pepo za kiyoyozi zisipige bika. Na ukiona kiputo, kichome kwa sindano tone likiwa bado bichi.

4. Loweka usiku kucha katika KCl (kloridi ya potasiamu) ya 0.01 M, yaani moli 0.01 kwa lita.

5. Saketi. CD4007 (chipu yenye transista ndani): waya wa elektrodi pini 6, pini 7 ardhi, pini 14 volti 5, na pini 8 kwenye volti hizohizo kupitia rezista ya kilo-omu 10. Rekebisha volti ya elektrodi rejea (ile ya pili, inayozama kwenye mmumunyo uleule ili kulinganisha) hadi rezista ionyeshe volti 1, yaani mikroampea 100. Andika volti hiyo ya rejea.

6. Kupima. Kutoka KCl ya 0.0001 M kupanda hadi 0.1 M, mara kumi kila hatua. Volti ya rejea ishuke karibu milivolti 59 kwa kila hatua kwenye nyuzi 25, ila hatua ya mwisho itaishia 55 hivi, maana ioni zikibanana hazifanyi kazi zote. Elektrodi rejea iwe na chemba mbili, ya nje iwe na lithiamu asetati. Ukitumia ile ya KCl peke yake, potasiamu itavuja humo humo unamoipimia.